Historia ya Utulivu: Mahali pa Kudurusu katika Mitaa ya Afrika ya Mashariki

Majira ya mitihani yakaribiapo, katika miji ya Afrika ya Mashariki huonekana uhamaji ambao hauandikwi katika hesabu yoyote ya serikali. Vijana hutoka majumbani wakiwa na madaftari kwapani, wakaenda kutafuta mahali pa kukaa. Mmoja huenda msikitini baina ya alasiri na magharibi. Mwingine huenda kanisani siku isiyo ya ibada. Wa tatu hurudi shuleni baada ya saa za masomo, akamwomba mlinzi amfungulie darasa. Wa nne huketi chini ya taa ya barabarani usiku ulipokwisha kupoa. Wanachokitafuta hakiuzwi dukani, wala hakimo katika orodha ya masomo. Ni utulivu. Wakubwa hulitazama jambo hili kama dogo, la kijana na bidii yake. Hata hivyo lina historia, na historia hiyo yaeleza kwa nini wako wanaopata utulivu pasipo kuutafuta, na wako wanaoutafuta wasiupate.

Yafaa kuanza na maneno yenyewe. Katika Kiswahili cha kale neno chuo lilikuwa na maana ya kitabu. Baadaye likawa jina la mahali ambapo kitabu husomwa, na mwenye elimu akaitwa mwanachuoni. Kwa hiyo lugha ilikwisha kufunga ndoa baina ya kitabu na mahali pake tangu zamani. Lakini mahali hapo hapakuwa pa kimya. Katika vyuo vya pwani, Lamu, Mombasa, Unguja na kwingineko, mtoto alisoma kwa sauti. Alifuatisha herufi za Kurani kwa kijiti ubaoni, akazitamka, na mwalimu akasikiliza sauti nyingi kwa pamoja na kuijua iliyokosea. Kimya katika chuo kilikuwa dalili ya uvivu. Hata darsa za watu wazima, kama zile zilizoupa sifa msikiti wa Riyadha wa Lamu tangu mwanzo wa karne ya 20, zilikuwa elimu ya kusikiliza: mwalimu husoma na kufasiri, wanafunzi wakamzunguka. Elimu iliingia kwa sikio, na aliyeipokea alipimwa kwa kinywa chake mbele ya mwalimu aliyemjua.

Mtihani wa maandishi ulikuja na desturi nyingine. Shule za wamisionari na za serikali ya kikoloni zilipokua, mwanafunzi alianza kupimwa na mtu asiyemwona, kwa karatasi iliyotungwa mbali. Kwa miaka mingi karatasi za shule za sekondari zilitoka Cambridge, Uingereza, na majibu yakavuka bahari kurudi huko kusahihishwa. Mwaka 1967 mamlaka hayo yalianza kuhamia kwa Baraza la Mitihani la Afrika ya Mashariki. Tanzania ilijitoa katika baraza hilo mwaka 1971, na sheria ya baraza lake yenyewe ikatungwa mwaka 1973. Kenya iliunda lake mwaka 1980. Mabaraza yalibadilika, lakini namna ya kupima haikubadilika: mtu mmoja, meza moja, kalamu moja, na saa ukutani. Mtihani wa namna hiyo wahitaji maandalizi ya namna hiyo. Asomaye peke yake, kwa macho, akakumbuka na kuandika, hana budi kupata pahali ambapo fikira yake haikatwi.

Walioanzisha shule kubwa za zamani walilifahamu jambo hili. Shule kama Alliance iliyofunguliwa karibu na Nairobi mwaka 1926, au ile ya serikali iliyokuwa Tabora, zilikuwa za bweni. Mwanafunzi alipewa kitanda, chakula, na pia saa ya kudurusu usiku, taa zikiwaka na mwalimu wa zamu akipita baina ya meza. Ni mara chache utulivu huo kutajwa miongoni mwa sababu za kufaulu kwa shule hizo; husifiwa walimu na nidhamu. Lakini bweni lilikuwa limetatua, kwa wachache waliochaguliwa, tatizo ambalo mwanafunzi wa kutwa aliachiwa alitatue mwenyewe mtaani.

Na mtaa haukujengwa kwa ajili yake. Chukua mfano wa Dar es Salaam. Sheria za ujenzi zilizoanzishwa na Wajerumani na kuendelezwa na Waingereza ziliugawa mji kwa namna ya majengo, na kwa kweli ziliwagawa watu: Uzunguni palikuwa na nyumba zilizotengana katika bustani, Uhindini palikuwa na maduka yenye makazi juu au nyuma yake, Kariakoo na Ilala palijengwa nyumba za Kiswahili. Nyumba ya Kiswahili ilivyo ni ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma, na baraza mbele. Mji ulipofurika watu, kila chumba kikapangishwa peke yake, na pengine chumba kimoja kikawa makao ya jamaa nzima. Nyumba hiyo ina fadhila zake kubwa. Mgonjwa hakosi wa kumpa maji, na mtoto hakosi wa kumkanya. Lakini fadhila hizo zote hupita masikioni. Uani hutwangwa na kupikwa, barazani huzungumzwa mpaka usiku, na tangu kituo cha utangazaji cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1951, redio nayo ikaongezeka kidogo kidogo katika sauti za ukumbi.

Nairobi palikuwa na sura nyingine ya shida ile ile. Sehemu za mashariki ya mji, Pumwani, Muthurwa, Makongeni, Kaloleni, zilikuwa za Waafrika, na makao mengi huko yalipimwa kwa hesabu ya vitanda vya wafanyakazi kuliko ya watoto watakaosoma. Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, ulikuwa nafuu kwa kuwa ulikusudiwa jamaa, wala si wafanyakazi wapweke. Hata hivyo chumba cha mtu kusomea peke yake hakikuwamo katika hesabu ya mtunga ramani.

Wahenga walisema kwamba kelele za chura hazimzuii tembo kunywa maji. Methali hii hupenda kutajwa mbele ya mwanafunzi anayelalamika. Ni kweli kwamba tembo hunywa. Lakini tembo hanywi kwa kukumbuka. Mwanafunzi wa hesabu aliyekatizwa katikati ya hatua ya nne hurudi kwenye ya kwanza. Methali yasifu uvumilivu, na uvumilivu ni sifa njema. Si hoja ya kuwanyima watu mahali.

Mahali penyewe, katika umbo la chumba cha umma cha kusomea, palikwisha kujulikana hapa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mombasa ilipata maktaba ya Seif bin Salim, yenye chumba cha kusomea bure, mwaka 1903. Nairobi ilipata jengo kubwa zaidi mwaka 1931, nalo ni maktaba ya McMillan, iliyojengwa kwa kumbukumbu ya Sir William Northrup McMillan kwa juhudi ya mjane wake na kwa msaada wa fedha za Carnegie kutoka Marekani. Nguzo zake ni za mawe, ngazi zake zina sanamu za simba, na ng'ambo ya njia yake umesimama msikiti wa Jamia. Pande zote mbili za njia ile palikuwa na kimya. Lakini msikiti ulimpokea kila Mwislamu aliyevua viatu, ilhali maktaba kwa zaidi ya robo karne iliwapokea Wazungu peke yao. Waliokuwa na vyumba vya ziada majumbani ndio waliopewa na chumba cha ziada mjini. Mlango huo ulifunguliwa kwa watu wote mwishoni mwa zama za ukoloni tu, maktaba ilipokwisha kuwa chini ya baraza la mji.

Yamkini jambo lenye maana kubwa zaidi kuliko kufunguliwa kwa mlango ule ni kuzaliwa kwa matawi mawili, moja Kaloleni na jingine Makadara. Jengo kuu ni la kutembelewa. Tawi ni la jirani. Kijana wa Kaloleni hakuhitaji nauli wala nguo za kuendea mjini. Fikira kama hiyo, kwamba kitabu kimfuate msomaji alipo, ilikuwamo pia katika kazi ya Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki lililoanzishwa mwaka 1948, ambalo lilipeleka masanduku ya vitabu na kuazimisha vitabu kwa posta. Lakini sanduku huleta kitabu lisilete meza, na posta haina taa.

Baada ya uhuru serikali zilitunga sheria za huduma za maktaba, Tanganyika mwaka 1963 na Kenya mwaka 1965. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Julius Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Hapo likazuka jambo ambalo wakutubi wa nchi nyingi za Afrika wamelieleza kwa masikitiko. Viti vilijaa, na aghalabu waliovijaza walikuwa wanafunzi waliokuja na vitabu vyao wenyewe. Hawakuazima kitu, wala hawakutazama rafu. Walikaa, wakafungua madaftari ya shule, wakadurusu mpaka kengele ya kufunga. Wakutubi waliofundishwa kupima kazi yao kwa idadi ya vitabu vilivyoazimwa waliona kwamba maktaba inatumiwa vibaya, kwamba imegeuzwa ukumbi wa shule, na kwamba msomaji wa kweli, asomaye kwa mapenzi, anakosa nafasi.

Malalamiko hayo yastahili kusikilizwa, maana yana ukweli ndani yake. Nchi ambayo watu wake husoma kwa ajili ya mtihani tu huviweka vitabu chini siku matokeo yatokapo. Lakini malalamiko yalichukua matokeo kuwa ndiyo chanzo. Mwanafunzi hakuja kwa kuwa hapendi vitabu vya maktaba. Alikuja kwa kuwa kwao hapana meza. Kwake yeye kitu adimu katika jengo lile hakikuwa kitabu, bali kiti, taa, na watu walioafikiana kunyamaza. Katika nchi ambako kila nyumba ina chumba cha ziada, maktaba yaweza kuwa ghala ya vitabu tu. Katika mji wa vyumba vya kupanga, maktaba ni kile chumba cha saba ambacho nyumba ya vyumba sita haina. Aliyelifahamu hilo hakuwahesabu vijana wale kuwa wavamizi.

Katika historia hii msichana ana sura yake mwenyewe. Taa ya barabarani, ufuko wa bahari, darasa tupu la usiku, hata sehemu kubwa ya misikiti mingi, vyote vimekuwa kimbilio la wavulana zaidi. Msichana hana ruhusa ya kukaa nje giza likiingia, na hofu ya wazazi wake mara nyingi si ya bure. Naye akibaki nyumbani, utulivu humkimbia kwa njia nyingine: yeye ndiye aitwaye maji yakiisha na mtoto akilia. Kaka yake atokapo kwenda kudurusu husifiwa. Yeye akifungua kitabu jioni huulizwa kama chakula kimekwisha iva. Kwa hiyo umbali wa maktaba na saa yake ya kufunga, mambo ambayo mvulana huyahesabu kuwa usumbufu, kwa msichana ndiyo huamua kama mahali papo au hapapo.

Haja hii imeongezeka badala ya kupungua. Tangu miaka ya 2000 shule za sekondari za kutwa zimeenea mno. Tanzania, kwa mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004, shule za kata zilijengwa kwa maelfu, na watoto ambao wazee wao wasingaliota sekondari wakaingia. Hilo ni jambo la fahari. Lakini shule ya kutwa hufundisha mchana, na usiku humrudisha mwanafunzi uani. Bweni liliondoka, na kilichokuwa kikitolewa na bweni hakikupewa mrithi. Wapo waliolitambua pengo hilo. Nairobi, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha shirika la Book Bunk mwaka 2017, na mwaka uliofuata wakaafikiana na serikali ya kaunti kuzifufua maktaba ya McMillan na matawi yake mawili. Matawi ya mitaani, Kaloleni na Makadara, yalitangulia kukarabatiwa kabla ya jengo lenye simba. Mpango huo wa kazi ni wa busara, kwa kuwa waanza pale haja ilipo karibu zaidi na miguu ya watoto.

Mtihani, katika lugha hii, si karatasi tu. Ni kila jaribu limfikalo mja. Karatasi ya mtihani hujisifu kwa usawa wake: maswali ni yale yale, saa ni zile zile, jina la mtahiniwa hufichwa nyuma ya nambari. Usawa huo ni wa kweli ndani ya chumba cha mtihani. Lakini kabla ya kuingia chumba hicho kila mtahiniwa alikwisha kufanya mtihani mwingine usio na msahihishaji, nao ni kutafuta mahali pa kujiandaa. Na katika huo maswali hayakuwa yale yale. Jamii haiwezi kumjengea kila mtoto chumba. Yaweza kuujengea kila mtaa kimoja, chenye meza na taa, kikafungwa baada ya watu kumaliza kula cha jioni na si kabla, na njia ya kukiendea ikawa salama kwa binti kama kwa kijana. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na shule iliyokwisha jengwa, na bila hicho nusu ya kazi ya shule hiyo hupotea kila siku jua likitua.