Upinde, Mshale na Kilima cha Uhud



Mafundi wa zamani wa Kiislamu waliunda upinde kwa ubao, pembe, kano na gundi. Mwanafunzi hakupewa upinde unaomshinda nguvu, maana mkono ukitetemeka shabaha hupotea. Uti wa mshale nao ulilinganishwa na upinde wake: ukiwa mlegevu mno au mgumu mno, mshale huenda upande, hata jicho likilenga sawasawa.

Lakini silaha njema pekee haitoshi. Katika Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra (625), Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima, chini ya Abdullah bin Jubeir, akawaamuru wasiondoke, ushindi uwe au usiwe. Adui alirudi nyuma. Wengi wao walipoona ngawira wakateremka. Khalid bin Walid, aliyekuwa bado hajasilimu, akazunguka kwa nyuma. Siku ile walikufa mashahidi wapatao 70.

Basi tujiulize: kilima tulichokabidhiwa sisi, nyumbani, kazini na msikitini, tungali juu yake? Mwenyezi Mungu atuthibitishe. Amin.