Saa mbili ya nani? Amri ya date ilivyofika Masara

Leo nataka kuzungumzia amri moja ndogo ya terminali inayoitwa date. Wengi wetu tunaiandika bila kuifikiria. Mimi nililazimika kuifikiria baada ya kuwatesa akina mama wa watu.

Ilikuwa hivi. Zahanati moja ndogo kwetu Masara, Migori, iliniomba niwasaidie kutuma ujumbe mfupi wa simu kuwakumbusha akina mama siku ya chanjo. Kazi ya jioni moja tu, nikadhani. Nikaandika skripti ya bash, mistari kama thelathini, inayosoma orodha na kutunga ujumbe. Kliniki ya kwanza ilipangwa saa nane mchana. Kwenye orodha nikaandika 14:00, nami nikaacha skripti igeuze:

date -d "$wakati" '+%d/%m/%Y saa %I:%M'

Ujumbe ukatoka ukisema "saa 02:00". Basi akina mama wakafika saa mbili asubuhi, watoto mgongoni, wengine wakiwa wametembea tangu alfajiri. Wakakaa kwenye benchi saa sita nzima. Hakuna hata mmoja aliyekosea kusoma. Nilipofika kuomba radhi, mama mmoja mzee aliyemsindikiza mkwewe akaniuliza kwa upole: "Wuoda, hiyo kompyuta yako ni ya wapi?"

Swali zuri kuliko alivyodhani.

Amri ya date ni ya New Jersey, Marekani, katika maabara za Bell, ambako Ken Thompson na Dennis Ritchie walitengeneza Unix. Imo tayari katika mwongozo wa kwanza wa Unix wa Novemba 1971. Wakati huo mfumo ulihesabu muda kwa vipande vya sekunde, 60 kwa kila sekunde, kuanzia mwanzo wa 1971. Namba ya biti 32 ikihesabiwa hivyo hujaa baada ya miaka miwili na miezi kadhaa, kwa hiyo ikabidi wasogeze mwanzo wa hesabu, na hatimaye wakahamia sekunde nzima kuanzia tarehe 1 Januari 1970. Ndiyo maana programu ikikosa tarehe hutupa 1970. Huku kwetu huonyesha 1970-01-01 03:00, kwa sababu tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia. Saa tisa usiku, siku ya Alhamisi. Angezaliwa Masara, Unix angeitwa Otieno.

Zile alama za asilimia, %I, %M, %p na ndugu zao, zinafuata strftime, ambayo iliingia katika sanifu ya lugha ya C mwaka 1989. (Watu wa Windows msicheke: Get-Date ya PowerShell ina -UFormat inayokubali alama hizo hizo.) Aliyebuni %I alikuwa na saa ya ukutani akilini, yenye 12 juu, siku ikianza usiku wa manane. %p ina nafasi mbili tu, kabla ya adhuhuri na baada yake. Hapo ndipo akina mama wangu walipopotelea. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapotoka. Saa moja ni saa ya kwanza ya mwanga. Dholuo nayo inasema saa achiel kwa wakati huo huo. Waethiopia wanahesabu hivyo pia. Na ukisoma Biblia ya Kiswahili, saa sita ya siku ya kusulubiwa Yesu ni saa sita hii hii ya kwetu, bila maelezo ya pembeni, maana Wayahudi na Warumi wa wakati ule nao walihesabu saa za mchana tangu macheo.

Haya, nikarudi kurekebisha. Jaribio la kwanza lilikuwa la kijinga: kutoa sita.

echo $(( $(date +%H) - 6 ))

Nikaijaribu jioni, ikafanya kazi. Asubuhi yake saa mbili ikafa. Saa tatu ikafa tena. Saa nne ikafufuka. Kama hujawahi kuliona hili, tulia nikueleze, litakusaidia siku moja. %H hutoa tarakimu mbili, kwa hiyo saa mbili asubuhi inatoka kama 08. Bash ikiona namba imeanza na sifuri ndani ya hesabu, huichukua kuwa ni ya mfumo wa nane, ambao hauna tarakimu 8 wala 9. Kuanzia 00 hadi 07 hakuna shida, 08 na 09 ni kosa, 10 ni salama. Dawa yake ni kistari: %-H, ambayo huondoa sifuri ya mbele. Hata hivyo kutoa sita bado kulinipa namba hasi usiku, na sikutaka kujaza skripti masharti.

Ndipo nikakumbuka kwamba kutoa saa sita ni kuhama tu. Sisi tuko +3 ya saa ya dunia. Ukitoa sita unafika −3. Kwa kompyuta hiyo ni kanda ya saa kama kanda nyingine, na unaweza kujitungia:

TZ=SAA+3 date '+%-I:%M'

Usishangae alama ya kujumlisha. Katika kanuni ya POSIX, TZ huandikwa kinyume: kujumlisha maana yake ni magharibi ya Greenwich. Neno SAA nimelitunga mimi, linatakiwa tu liwe na herufi tatu au zaidi. Ukiiandika amri hii mchana saa nane, inakujibu 8:00. Hakuna hesabu, hakuna masharti. Nilicheka peke yangu.

Halafu nikaona kwamba saa ya mishale haijali kama umerudi nyuma sita au umekwenda mbele sita. Kwa hiyo TZ=SAA-9 nayo inatoa 8:00. Hiyo −9 ya POSIX ni saa ya Tokyo. Yaani saa ya mkononi iliyotoka Tokyo bila kurekebishwa, ukiivaa Migori, inasoma Kiswahili sawasawa!

Lakini kanda hizi mbili hazikubaliani juu ya tarehe, na hapa ndipo niliposahau kulala. Chukua saa nane ya usiku, siku ambayo kalenda ya ukutani imeshaingia Jumanne. SAA+3 inasema bado ni Jumatatu, kwa sababu siku yake hugeuka alfajiri, saa kumi na mbili asubuhi. Ndivyo wengi wetu bara tunavyosema: "Jumatatu usiku saa nane." SAA-9 inasema ni Jumanne, na ilishaanza kusema hivyo tangu saa kumi na mbili jioni iliyopita. Huo ndio utaratibu wa Kiislamu, ambapo siku huingia jua linapozama, na mzee wa Mombasa akikutajia usiku wa Ijumaa anaweza kuwa na maana ya Alhamisi jioni. Waandishi wa magazeti walishalitatua jambo hili zamani kwa maneno: "usiku wa kuamkia Jumanne." Hakuna alama ya asilimia inayofanya kazi hiyo.

Siku zenyewe za juma nazo ni kesi. Sanifu ya ISO 8601, ya mwaka 1988, inaanza juma Jumatatu, na %u huipa namba 1. Sasa sikiliza Dholuo: Jumatatu ni Wuok Tich, kutoka kwenda kazini, kisha Tich Ariyo, kazi ya pili, Tich Adek, ya tatu, Tich Ang'wen, ya nne, Tich Abich, ya tano. Inaoana na %u namba kwa namba. Kiswahili kinaanza Jumamosi, mosi, kwa hiyo Jumatatu yetu ni ya tatu wakati kompyuta inaiita ya kwanza. Tena tuna tano mbili zilizofuatana, Jumatano yetu wenyewe na Alhamisi, ambayo ni tano ya Waarabu, waliohesabu tangu Jumapili. Mtoto wa Masara anazibeba hesabu zote kichwani bila kulalamika. %p na nafasi zake mbili ingefaa ione haya mbele ya majina ya Kijaluo: Omondi wa alfajiri, Okinyi wa asubuhi, Onyango wa kabla ya adhuhuri, Ochieng' wa jua kali, Odhiambo wa jioni, Otieno wa usiku, Owuor wa usiku wa manane.

Kwa maneno, msaada upo. CLDR, hazina ya data za lugha ambayo programu nyingi huitegemea, inagawa siku ya Kiswahili mara tano: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Ila haigeuzi namba. Itakuandikia 7:00 na asubuhi pembeni, na msomaji abaki akikuna kichwa.

Baada ya hapo nikaanza kuiuliza ile +3 yenyewe imetoka wapi. Jibu limo katika faili ya kanda za saa iliyoanzishwa na Arthur David Olson, ambayo Paul Eggert amekuwa akiitunza. Tangu 2011 iko chini ya IANA. Tafuta Africa/Nairobi. Hadi 1908 ni saa ya jua la Nairobi, 2:27:16 mbele ya Greenwich. Kisha 2:30. Julai 1928 tukaenda 3:00, Januari 1930 tukarudi 2:30. Mwaka 1937 ukaanza na 2:45, na tarehe 1 Agosti 1942 tukarudi 3:00, tuliko mpaka leo. Jaribu hii:

TZ=Africa/Nairobi date -d '1942-08-01 00:05'

GNU date itakataa, itakuambia tarehe si halali. Na ni kweli. Usiku huo saa zilirukishwa kutoka saa sita kamili hadi saa sita na robo, kwa hiyo dakika hiyo haikuwahi kuwepo Kenya. Kuna jambo jingine: matoleo ya faili hiyo yaliyotangulia masahihisho ya 2020 yalisema 2:45 ilianza 1940 na kuendelea hadi 1960. Seva yangu kuukuu na mpya zilitofautiana robo saa kuhusu siku moja ya 1939, zote zikiwa na uhakika kabisa.

Na jua la Masara halijawahi kusoma faili hiyo. Migori iko karibu nyuzi 34.5 mashariki, kwa hiyo saa yake halisi ya jua ni kama 2:18. Ukitoa katika 3:00 inabaki dakika 42. Kwa wastani jua letu linafika utosini saa sita na dakika arobaini na mbili, dakika 21 hivi baada ya Mombasa. Wazee wanaosema saa ya redio inakimbia wana hoja.

Skripti ikabaki hivi:

saa=$(TZ=SAA+3 date -d "$wakati +0300" '+%-I:%M')
h=$(TZ=Africa/Nairobi date -d "$wakati" +%-H)

Ya kwanza inatoa saa, ya pili inachagua neno la wakati kwa case ya kawaida. Tarehe na jina la siku nazichukua kutoka Africa/Nairobi, maana kalenda ya zahanati ni ya ukutani. Ujumbe uliofuata ulisomeka: "Jumatatu 6/5/2024 saa 8:00 mchana." Asubuhi ya siku hiyo nilipita pale saa mbili kuangalia benchi. Lilikuwa tupu. Saa tatu simu ikalia, ni yule mama mzee. Alikuwa ameupata ujumbe na ameuelewa, ila alitaka tu kuuliza: hiyo ni saa nane yetu, au ni ile ya kompyuta?