Rupia ya Pesa 64

Katika soko la Sumbawanga, mwanamke aliyeteremsha mahindi yake madebe ishirini hana haja ya kalamu ili kujua kwamba anayo magunia matatu na madebe mawili juu yake, kwa kuwa gunia kwake ni madebe sita. Hisabu ya namna hiyo, ambayo kila daraja ina kiwango chake na haiendi kwa makumi, wazee wa Ufipa waliikuta hata katika fedha, zama nchi hii ilipotawaliwa kutoka boma la Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika.

Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipoanza kutoa sarafu zake mwaka 1890, ilifuata rupia ya Bara Hindi, ambayo watu wa pwani walikwisha kuizoea, na rupia moja ikawa pesa 64. Pesa ilikuwa ya shaba, tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Kwa mizani ya Kihindi palikuwa na daraja la kati, anna, kila anna pesa 4 na kila rupia anna 16. Basi mwenye pesa 1000 alizigawa kwa 64, akapata rupia 15, zikabaki pesa 40, nazo ni anna 10 kamili.

Wako wanaoiona 64 kuwa idadi ya ovyo. Naamini wanaidhulumu, maana idadi hiyo hukatwa nusu mara sita bila kuvunjika: 32, 16, 8, 4, 2, hata ikaishia moja, na mtu asiyepata kuingia darasani aweza kugawana na mwenzake kwa haki. Mia hukatwa mara mbili tu, ikafika 25, ikakwama.

Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani iliishika sarafu yenyewe, ikafuta pesa, ikaweka heller 100 kwa rupia. Kodi ya kibanda ya rupia 3, iliyoanza mwaka 1898, ambayo ilikuwa pesa 192, sasa ikawa heller 300, na hapo hapakuwa na taabu. Taabu ilikuwa chini, kwa maskini, kwa sababu pesa 16 ni heller 25, hivyo pesa moja ni heller moja na nusu na sehemu moja ya kumi na sita, kipande ambacho hata sarafu ya nusu heller haikuweza kukilipa.

Waingereza walileta shilingi ya senti 100 mwaka 1921, na juu yake pauni ya shilingi 20. Senti 50 watu waliiita sumuni, yaani thumni, sehemu ya nane, ijapokuwa ni nusu ya shilingi; sehemu hiyo ya nane ni ya shilingi nne.

Mwanamke yule wa Sumbawanga, akiisha kulipwa magunia yake, huzifunga fedha kwenye pindo la kanga, akiziita mara pesa, mara hela, na hela ndiyo ile heller.