Jibu Lirudi Mahali Pake: Historia Fupi ya Msimbo Unaoendeshwa Ndani ya Maandishi

Wahenga walisema mwenye subira hula mbivu. Methali hii tulifundishwa tangu sekondari, na wengi wetu tuliielewa kama amri ya kukaa kimya na kungoja. Lakini mkulima wa Rwanda hakai chini ya mgomba akiutazama mkungu mpaka uive. Hupanda, hupalilia, kisha huenda kwenye shamba la maharagwe. Ndizi zikikomaa atazikuta palepale alipopanda mgomba. Insha hii inaeleza jinsi waandishi wa programu za kompyuta walivyochukua muda mrefu kujifunza jambo ambalo mkulima huyu analijua.

Nilianza kulifikiria suala hili kwa sababu ya shida iliyonipata mimi mwenyewe. Mwaka jana mwenzangu na mimi tulipanga chumba Muhima, kwenye mteremko unaoshuka kutoka mjini kuelekea Nyabugogo. Tulikuwa na kompyuta moja ya mkononi kwa watu wawili, na betri yake ilikuwa imechoka. Nilikuwa naandika mradi wangu wa mwisho kuhusu takwimu za mvua. Jioni moja nikaamuru kompyuta ipige hesabu ndefu kutoka ndani ya faili lilelile nililokuwa naandikia. Skrini ikaganda. Sikuweza kuongeza hata nukta. Nilikaa dakika arobaini nikisikiliza pikipiki zikipanda mlima, kisha umeme ukakatika. Hesabu ikapotea, na aya mbili ambazo sikuwa nimezihifadhi zikapotea pia.

Baada ya hapo nikabadilisha mbinu. Nilianza kuendesha hesabu zangu kwenye dirisha jingine, halafu nikawa nanakili namba kwa mkono na kuziweka kwenye maandishi. Sikungoja tena, lakini nilijiletea shida ya pili. Mwalimu msimamizi wangu alisoma rasimu, akaweka kidole kwenye jedwali la tatu, akauliza, "Mwanangu, hii namba umeitoa wapi?" Nikamjibu, "Samahani mwalimu, nitaitafuta." Niliitafuta siku tatu, sikuiona.

Kwa hiyo nilikuwa na maadui wawili: kungoja na kusahau. Katika insha hii nitaonyesha kwamba historia ya msimbo unaoendeshwa ndani ya maandishi ni historia ya kupambana na maadui hawa wawili, na kwamba mara nyingi aliyemshinda mmoja alimwamsha mwingine.

Kwanza nieleze maneno ninayotumia. Maandishi matupu ni faili lenye herufi, tarakimu na alama tu, bila rangi wala mapambo yaliyofichwa. Faili la namna hiyo linaweza kufunguliwa na kompyuta yoyote, ya zamani au mpya. Kipande cha msimbo ni mistari ya amri za kompyuta iliyowekwa katikati ya maelezo ya kawaida. Kuendesha bila kungoja maana yake ni kutoa amri, kuendelea na kazi nyingine, na kupokea jibu litakapokuwa tayari.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba kuendesha bila kungoja ni uvumbuzi wa juzi. Kwa kweli ni jambo la kale. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliyetaka hesabu hakukaa mbele ya kompyuta. Aliandika programu yake kwenye karatasi, ikatobolewa kwenye kadi, akampa mhudumu rundo la kadi, akaenda zake. Kazi za watu mbalimbali zilipangwa foleni. Saa kadhaa baadaye, au kesho yake, alirudi kuchukua karatasi zilizochapwa. Utaratibu huo ulitumika pia katika kompyuta za mwanzo za Afrika Mashariki. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, wakati mashine moja ilikuwa mali ya taasisi nzima na hakuna mtumishi aliyeweza kuiita yake. Mwaka 1974 serikali hiyo ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na kwa miaka mingi baadaye kuzipata kulikuwa na masharti.

Mtu wa enzi ya kadi hakupoteza muda kutazama mashine. Hata hivyo, jibu lake lilirudi likiwa yatima. Kadi zilikuwa sanduku moja, karatasi za majibu kwenye kabati jingine, na ripoti aliyoiandika ikawa kitu cha tatu. Kungoja kulikuwa kumeshindwa, lakini kusahau kulikuwa na nafasi kubwa.

Mwezi Novemba 1961, Fernando Corbató na wenzake wa chuo cha MIT nchini Marekani walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Sasa mtu aliandika amri na kupata jibu papo hapo, kama anayezungumza na mwenzake. Yalikuwa maendeleo makubwa, ila yalikuja na gharama yake: kama jibu lilichelewa, mtu alikaa akitazama. Waliounda Unix mwanzoni mwa miaka ya 1970 waliliona hilo. Waliweka alama ya & mwishoni mwa amri, na maana yake ilikuwa: fanya kazi hii kando, niache niendelee. Alama hiyo inatumika mpaka leo.

Katika ukanda wetu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu walijifunza somo hilihili kupitia barua pepe. Kabla ya intaneti ya kudumu, baadhi ya vyuo na mashirika ya Afrika Mashariki yalitumia mtandao wa FidoNet, ambao Tom Jennings aliuanzisha Marekani mwaka 1984. Ujumbe uliandikwa, ukahifadhiwa, ukasubiri simu ipigwe, kisha ukasukumwa hadi kituo kinachofuata. Mtandao wa madaktari ulioitwa HealthNet ulitumia hata setilaiti ndogo iliyopita juu ya kituo mara chache kwa siku, ikichukua barua na kuacha nyingine. Ujumbe ulikuwa maandishi matupu, kwa sababu kila herufi ilikuwa na gharama. Isitoshe, jibu liliweza kubeba ndani yake alama ya kuonyesha linajibu barua ipi. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwa sababu litarudi mbele.

Adui wa pili, yaani kusahau, alishughulikiwa na watu wengine. Mwaka 1984 Donald Knuth, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, alichapisha makala katika jarida la The Computer Journal akipendekeza kwamba programu iandikwe kama insha ya kusomwa na binadamu, na msimbo uwekwe ndani ya maelezo kwa mpangilio wa mawazo. Mfumo wake, WEB, ulikuwa na sehemu mbili. Moja ilitoa msimbo kwa ajili ya kompyuta, nyingine ilitoa kurasa za kuchapwa kwa ajili ya msomaji. Chanzo kilikuwa faili moja tu. Knuth aliitumia njia hiyo kuandika TeX, programu ya kupanga kurasa ambayo wanasayansi wanaitumia hadi sasa.

Mwaka 2002 Friedrich Leisch alipeleka wazo hilo kwa watu wa takwimu kwa chombo chake kilichoitwa Sweave. Mwandishi aliweka vipande vya lugha ya R ndani ya makala, na makala ilipotayarishwa, hesabu zilifanywa upya na majedwali yakajazwa yenyewe. Swali la mwalimu wangu lingejibiwa kwa sekunde: namba imetoka kwenye msimbo huu hapa, juu yake. Lakini kazi yote iliendeshwa kwa mkupuo, tangu mwanzo hadi mwisho, na mwandishi alirudi kwenye kungoja.

Hapo ndipo inaingia Emacs, programu ya kuhariri maandishi iliyozaliwa MIT mwaka 1976 na ambayo Richard Stallman aliitoa upya kama GNU Emacs mwaka 1985. Mwaka 2003 Carsten Dominik, mwanaastronomia wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, alianza kuiongezea Org, njia ya kupanga madokezo na kazi zake katika maandishi matupu. Baadaye Eric Schulte na Dan Davison walitengeneza Babel, sehemu iliyowezesha vipande vya msimbo kuendeshwa ndani ya faili la Org, na mwaka 2010 ikawa sehemu rasmi ya Org. Mwaka 2012 Schulte, Davison, Dominik na mwanaakiolojia Thomas Dye waliieleza katika Journal of Statistical Software. Matumizi yake ni rahisi. Unaweka kiteuzi ndani ya kipande, unabonyeza Ctrl na C mara mbili, na jibu linaandikwa chini yake. Faili moja linaweza kuwa na Python, R na lugha nyingine nyingi.

Tatizo ni kwamba Emacs ilijengwa kufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Babel ikianza hesabu, uandishi unasimama mpaka hesabu iishe. Hiki ndicho kilichoniganda mikononi kule Muhima.

Suluhisho lilikuja kwa hatua. Mwaka 2012 John Wiegley alitengeneza async, maktaba inayofungua Emacs ya pili isiyoonekana na kuikabidhi kazi. Mwaka 2017 Andrew Stahlman aliitumia maktaba hiyo katika nyongeza iitwayo ob-async. Mwandishi huongeza neno moja, :async, kwenye mstari wa juu wa kipande. Papo hapo, chini ya kipande, huandikwa mfuatano wa herufi na tarakimu usiofanana na mwingine wowote. Ni kama namba unayopewa ukikabidhi mzigo kituo cha mabasi. Emacs ya pili inapiga hesabu, wewe unaendelea kuandika, kuongeza aya juu au kufuta aya chini. Kazi ikiisha, programu inautafuta mfuatano ule popote ulipohamia, inaufuta, na inaweka jibu mahali pake.

Msomaji ataona kwamba hii ni ileile alama ya barua pepe iliyosema "mimi ni jibu la barua fulani". Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye upya wenyewe. Kuondoka bila kungoja kulikuwepo tangu enzi za kadi. Kilichoongezeka ni kwamba jibu linajua njia ya kurudi nyumbani.

Njia hii haikuwa peke yake. Fernando Pérez, mzaliwa wa Kolombia, alianzisha IPython mwaka 2001. Daftari lake la kwenye kivinjari lilitoka mwaka 2011, na mwaka 2014 mradi ukapewa jina la Jupyter. Humo hesabu hufanywa na mchakato uliotengwa na ukurasa, na nyota huonekana kando ya kipande mpaka kazi iishe. Jupyter inajulikana zaidi, na ni rahisi kuanza nayo. Ila faili lake limejaa mabano na alama za mashine, na ukilifungua kama maandishi matupu ni vigumu kulisoma. Faili la Org husomeka hata kwenye simu.

Hata hivyo, nisingekuwa mkweli nikiishia kwenye sifa. Emacs ya pili haijui yale ambayo ya kwanza inayajua, hivyo kipande kinachotegemea mipangilio ya dirisha lako kinaweza kushindwa. La hatari zaidi ni hili: wakati hesabu inaendelea, mwandishi yuko huru kubadilisha msimbo. Jibu likirudi litakaa chini ya msimbo ambao haukulizaa. Msomaji ataona namba, ataona msimbo juu yake, ataamini, na atakuwa amedanganywa bila mtu yeyote kukusudia. Aliyekuwa akingoja zamani hakuweza kufanya kosa hili, kwa sababu mikono yake ilikuwa imefungwa. Yaani tulipomshinda adui wa kungoja, tulimfungulia mlango adui wa kusahau, safari hii akiwa amevaa nguo za kumbukumbu.

Babel yenyewe ina kinga moja. Ukiiagiza ihifadhi majibu, huandika kando ya jibu alama inayotokana na msimbo uliolizaa. Msimbo ukibadilika, alama haitalingana, na hesabu itafanywa upya. Kinga nyingine ni tabia ya mwandishi. Mwenzangu na mimi tulijiwekea sheria: kipande kinachoendeshwa hakiguswi, na kabla ya kuwasilisha kazi tunaendesha faili zima upya usiku, kompyuta ikiwa imechomekwa, sisi tukiwa tumelala.

Nilimaliza mradi wangu kwa njia hiyo. Namba ya jedwali la tatu ilibidi niifute, kwa kuwa sikuweza kuitolea ushahidi. Namba mpya iliyotokea ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza, na hitimisho langu likapungua nguvu. Iliniuma, lakini mwalimu alipouliza tena imetoka wapi, nilifungua faili nikamwonyesha mistari kumi na mmoja ya msimbo iliyokuwa juu yake. Aliisoma yote, kisha akafungua ukurasa uliofuata.