Ndege wa Pate Mbele ya Kamera

Mbwajumali ni kijiji cha kisiwa cha Pate, si mbali na Faza, na kisiwa hicho kimezungukwa na mikoko pamoja na matope mapana ambayo huachwa wazi kila maji yanapokupwa. Tangu Agosti hadi Aprili, matope ya namna hiyo katika funguvisiwa la Lamu huwapokea ndege wanaokimbia baridi ya kaskazini: vitwitwi, sululu, na hasa ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kupasulia kaa, ambaye wataalamu humwita Dromas ardeola. Yeye huzaa katika visiwa vya Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, ambako huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe linalosaidiwa na joto la ardhi, kisha hushuka Afrika Mashariki kupisha miezi ya kaskazi. Pamoja na utajiri huo, picha za ndege wa Pate ni chache mno zikilinganishwa na za ndege wa Bonde la Ufa, na uchache huo una historia yake.

Wageni wa kwanza waliowafuata ndege wa mwambao huu kwa nia ya elimu walikuja na bunduki, kwa kuwa elimu ya ndege ya karne ya 19 ilijengwa juu ya ngozi zilizokaushwa na kupelekwa katika makumbusho ya Ulaya. Daktari Mjerumani Gustav Fischer, aliyefika Zanzibar mwaka 1876, alisafiri hadi Witu mwaka 1877 na mto Tana mwaka 1878. Shorobo wa misitu ya pwani, mwenye kishungi chekundu, bado anabeba jina lake. Frederick Jackson, Mwingereza aliyekuja kuwa gavana wa Uganda, alifika Lamu mwaka 1884 akiwinda na kukusanya ndege, na kazi yake kubwa juu ya ndege wa Kenya na Uganda ilichapishwa mwaka 1938, miaka tisa baada ya kifo chake. Katika utaratibu huo ndege alijulikana kwa kufa kwanza.

Kamera nayo, ilipoanza kumwelekea ndege, iliiga bunduki. Mwaka 1882 mwanafiziolojia Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza chombo chenye mtutu na kitako, kilichoweza kupiga picha 12 kwa sekunde moja, ili achunguze jinsi mabawa yanavyokwenda ndege akiwa angani. Ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, walitafuta njia nyingine: badala ya kumfuata ndege, walijificha na kumngoja, wakati mmoja ndani ya ng'ombe wa bandia aliyetengenezwa kwa ngozi halisi. Kutokana na majaribio ya aina hiyo kilienea kibanda cha maficho, yaani hema dogo lenye tundu la lenzi, ambamo mpiga picha hukaa kwa saa nyingi mpaka ndege azoee kuliona. Cherry Kearton alifika Kenya mwaka 1909, lakini kama wengi waliomfuata, alivutwa na bara na wanyama wake wakubwa.

Hata ndege walipopata zamu yao, kamera zilikwenda kwenye maziwa. Leslie Brown, mtaalamu wa ndege aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, alithibitisha mwaka 1954 kwamba heroe huzaa katika ziwa Natron, na tangu hapo heroe wa Natron, Nakuru na Bogoria wakawa sura ya ndege wa Afrika Mashariki katika vitabu na kalenda. Heroe ni ndege mwepesi kwa mpiga picha: wengi, wa rangi, na barabara hufika karibu nao. Kusema hivi si kuwadharau.

Katika Pate hakuna barabara ifikayo kwenye ndege. Maji yakikupwa, ndege hutawanyika juu ya tope ambalo mtu hawezi kulivuka bila kuzama hadi magotini, na lenzi ndefu haifui dafu mbele ya mvuke wa joto unaopotosha picha. Nafasi hupatikana wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo tope lote hufunikwa na makundi husukumwa kwenye fungu dogo la mchanga. Siku za maji mafu husukumwa kidogo tu, na safari huenda bure. Jambo hili halimo katika kitabu cha maelezo cha kamera yoyote, bali wavuvi wa Kibajuni wanalijua kwa kuhesabu siku za mwezi.

Kikwazo cha pili ni upepo. Katika visiwa vidogo vya matumbawe vya Kiunga, kaskazini mwa Pate, vinavyokaribia 50 na vilivyotangazwa hifadhi ya taifa ya bahari mwaka 1979, buabua huzaa wakati wa kusi, bahari inapochafuka na watalii wanapokuwa wachache. Anayekuja msimu wa kaskazi huwakuta wageni wa kaskazini na kuikosa kabisa familia ya wenyeji. Pengine ni heri, kwa sababu buabua akifukuzwa kiotani jua huliharibu yai upesi, na shakwe hawachelewi kula kinda.

Kamera za dijitali, zilizofuta gharama ya mkanda wa filamu wenye picha 36 tu, zingeweza kupunguza uchache huo wa picha, lakini shambulio dhidi ya watalii huko Kiwayu, Septemba 2011, na hofu ya usalama iliyofuata karibu na mpaka wa Somalia, viliwazuia wageni wengi wakati vifaa vilipokuwa vikishuka bei. Picha zinazopatikana bado hutegemea nahodha anayemfikisha mpiga picha kwa ndege, ambaye jina lake haliandikwi. Wala hali ya maji haiandikwi, ingawa maelezo hutaja lenzi na sehemu ya sekunde iliyotumika. Kwa mtafiti hilo ni pengo la kweli, kwani bila kujua kama maji yalikuwa yakijaa au yakikupwa hawezi kutambua kwa hakika iwapo kundi lililopigwa picha lilikuwa kwenye malisho yake au lilikuwa limefukuzwa huko na bamvua.