Mwaka Wandamba Walipohesabiwa kwa Mara ya Mwisho

Mwaka jana nilimsindikiza bibi zahanati, huku kwetu Malinyi. Kiswahili cha sokoni anakimudu, lakini maumivu aliyaeleza kwa Kindamba. Daktari, mgeni wa bonde hili, akanigeukia nimtafsirie. Nikabaki namwangalia tu. Salamu nazijua, matusi mawili matatu nayajua, maumivu siyajui.

"Mjukuu wangu, hata wewe hunisikii?"

Tukarudi nyumbani na vidonge vya kutuliza.

Tangu siku ile nawaza sana habari za mwaka 1967. Januari mwaka ule, Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwaka huohuo likaundwa Baraza la Kiswahili, BAKITA. Na Agosti ikafanyika sensa iliyouliza kabila la mtu. Sensa zilizofuata hazikuuliza tena. Yaani mwaka Kiswahili kilipopata baraza lake, ndio mwaka Wandamba, Wapogoro, Wabena na Wambunga wa bonde hili walipohesabiwa kwa majina yao kwa mara ya mwisho.

Sisemi ilikuwa hila. Nchi changa iliogopa ukabila, na ilikuwa na sababu. Sisi wa Kilombero faida tunaiona kila siku: mvuvi Mndamba, mkulima wa mpunga Mpogoro na mfugaji Msukuma wakigombania ardhi, kikao cha kuwapatanisha huendeshwa kwa Kiswahili. Lugha nyingine wangepatana kwa ipi?

Ila kuacha kuhesabu si sawa na kuacha kutunza. Sera ya Utamaduni ya 1997 ilizitambua lugha za jamii kuwa hazina, ikahimiza ziandikiwe kamusi na sarufi. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikatoa Atlasi ya Lugha za Tanzania. Kazi nzuri hizo. Lakini darasani mtoto wa Malinyi anakuta Kiswahili, akipanda sekondari Kiingereza. Hata Kiswahili chenyewe kilisubiri hadi 2021 sheria ikifanye lugha ya mahakama zote. Kama mkubwa alisubiri hivyo, mdogo je?

Basi nimenunua daftari. Jioni bibi anagusa sehemu ya mwili, anaitaja, kisha anasema ikiuma huitwaje. Mimi naandika. Tulianzia kichwani, sasa tumefika kifuani.