Neno "Gaidi" na Maswali ya Helen Suzman

Wapo wanasiasa wanaokumbukwa kwa hotuba zao, na wapo wachache wanaokumbukwa kwa maswali yao. Helen Suzman wa Afrika Kusini yumo katika kundi hilo la pili. Katika miaka niliyofundisha historia kwenye chuo cha ualimu nilimtumia mara nyingi kama mfano, kwa sababu maisha yake yanatufundisha jinsi ya kulishughulikia neno zito: ugaidi.

Alizaliwa mwaka 1917 huko Germiston, karibu na Johannesburg, kwa wazazi Wayahudi waliohamia kutoka Lithuania. Kabla ya siasa alifundisha historia ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kwa hiyo sisi walimu tuna haki ya kumhesabu kuwa mwenzetu. Aliingia Bungeni mwaka 1953 na kukaa humo miaka 36. Mwaka 1959 yeye na wenzake walikihama chama cha United wakaanzisha chama cha Progressive. Uchaguzi wa mwaka 1961 uliwang'oa wenzake wote. Kwa miaka 13 chama hicho kikawa na mbunge mmoja tu, mwanamke, katika ukumbi uliojaa wanaume waliomdhihaki.

Mwaka 1963 serikali ya Makaburu ilipeleka Bungeni sheria ya kumweka mtu kizuizini siku 90 bila mashtaka. Chama kikuu cha upinzani kiliiunga mkono. Suzman peke yake alisema hapana. Mwaka 1967 ikaja Sheria ya Ugaidi, naye akasimama tena peke yake.

Sheria hiyo, ndugu msomaji, yafaa isomwe polepole. Ofisa wa polisi mwenye cheo cha luteni kanali au zaidi aliweza kumkamata mtu aliyemshuku na kumfungia kwa muda usio na kikomo. Mahakama zilikatazwa kuamuru aachiwe. Matendo ya nyuma, tangu Juni 1962, yaliingizwa humo. Adhabu ilianzia miaka 5 gerezani na kuishia kwenye kitanzi. Na miongoni mwa matokeo yaliyotosha kumfanya mtu adhaniwe kuwa na nia ya kigaidi, lilikuwamo hili: kuuaibisha utawala wa nchi.

Wakati huo mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari hapa Tanzania. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na wapiganaji wa ANC walikuwa na kambi yao Kongwa. Watu wale wale walioitwa magaidi huko kusini, huku kwetu tuliwaita wapigania uhuru. Ndiyo maana wanachuo wangu waliniuliza karibu kila mwaka kama Mandela alikuwa gaidi. Nilikuwa nikiwajibu kwamba kwanza tuulize ni nani aliyeitunga maana ya neno, na kwa faida ya nani.

Suzman hakuwa na kura za kuizuia sheria hata moja. Alichokuwa nacho ni haki ya mbunge kuuliza. Wangapi wako kizuizini? Wangapi wamefia mikononi mwa polisi? Waziri alilazimika kujibu, au kukataa kujibu mbele ya taifa zima. Majibu yaliingia katika kumbukumbu rasmi za Bunge, na magazeti yaliweza kuyachapisha. Waziri mmoja alipomlaumu kwamba maswali yake yanaiaibisha Afrika Kusini ng'ambo, alimjibu kuwa si maswali yake yanayoiaibisha nchi, bali ni majibu yao. Jibu hilo lililenga kiini cha sheria yenyewe: aibu ilikuwa ya mtenda, si ya anayeuliza.

Mwaka 1967 alifika katika gereza la Kisiwa cha Robben na kuzungumza na Mandela, ambaye alimweleza habari za askari magereza mwenye chale ya msalaba wa Kinazi mkononi. Suzman alilifikisha jambo hilo kwa wakubwa, na askari huyo akaondolewa.

Lakini tusimfanye malaika. Steve Biko alikamatwa Agosti 1977, akafungiwa kwa kifungu cha 6 cha sheria ile ile, akafa tarehe 12 Septemba kwa majeraha ya kichwa. Maswali hayakumwokoa. Tena Suzman aliwakilisha Houghton, mtaa wa Wazungu wenye mali, na alipinga vikwazo vya uchumi ambavyo sisi huku tulividai. Wapo waliosema kuwapo kwake kulilipamba Bunge la wabaguzi. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, Desemba 1996, Mandela alipotia saini Katiba mpya pale Sharpeville, Suzman alikuwa kando yake. Aliyefungwa alijua thamani ya yule aliyeuliza habari zake.

Ugaidi wa kweli upo. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 200, wengi wao wapita njia na wafanyakazi wasio na ugomvi na mtu. Mwaka 2002 Bunge letu lilipitisha sheria ya kuzuia ugaidi, na sioni nchi inavyoweza kukaa bila kujilinda. Lakini tukumbuke pia kwamba jina la Mandela lilibaki katika orodha ya Marekani ya washukiwa wa ugaidi hadi mwaka 2008, akikaribia kutimiza umri wa miaka 90.

Kuuliza si ujinga. Neno "gaidi" likishatamkwa, wengi hunyamaza, wakiogopa kuonekana wanamtetea mwuaji. Hapo ndipo anapohitajika mbunge wa kusimama na kuuliza: huyo mtu ni nani, yuko wapi, anashikiliwa tangu lini, na atafikishwa mahakamani siku gani?